Kauli ya Kutendwa, Wakati Ujao

Daftari la Mwanakheri Shekiondo lina madoa ya samli,
nalijua gizani kwa kunusa.
Ni la mwisho kwenye rundo. Ngamiani hakuna umeme tangu magharibi
na simu nimeiegemeza kwenye birika, tochi juu,
mbu wakisoma nami.

Zoezi la saba: sentensi tano, jambo lijalo, mtenda asitajwe.
Ya kwanza kaandika, The house will break.
Nikashika kalamu nyekundu.
Hapana, Mwanakheri. Hiyo ni nyumba itavunjika,
yenyewe, kama yai, kama ahadi ya Idi.
Wewe ulitaka itavunjwa.
Kwetu w moja, nyembamba kama uzi wa kifungo,
hubeba mkono mzima wa mtu na nyundo yake.
Kwao wenyewe hupangwa foleni,
kama dirishani pale Bombo, kila mmoja na kadi yake.
Ndiyo maana niliwatungia, tukapiga na meza:

Will mbele itangulie, na be ishike mkia,
Is isiziingilie, wala to kuparamia,
Kitenzi kisisalie, uchi kilivyoingia,
Safu ya tatu kivae, ndipo kitapokelewa.

Darasa likacheka, hata Mzee Kupaza wa gereji
ambaye mpaka leo huandika builded,
nami hukata, naandika built, naye wiki ijayo builded.
Mwanakheri hakucheka.
Alinyoosha mkono wenye unga kwenye kucha.
“Na mtendaji, mwalimu, anakaa wapi?”
Nikamwambia, akitakiwa huja mwishoni, ameshikwa mkono na by.
Asipotakiwa huachwa.
“Huachwa na nani?”
Nikafuta ubao. Kengele ilikuwa bado.

Ya pili: The wall will be paint.
Nikaiongezea mkia wake, painted,
kisha nikaukumbuka ukuta wenyewe, barabara ya kumi na nane,
alama ya X ya rangi nyekundu juu ya dirisha la vitumbua,
imechuruzika hadi kwenye bei.
Ukuta ulikwisha kupakwa, Mwanakheri. Huo ni wakati uliopita.
Lakini zoezi ni zoezi.

Ya tatu sahihi.
Ya nne, The money will be paid. Sahihi, na mwandiko mzuri,
p imekaa kwenye mstari kama mtu aliyealikwa.
Ya tano ni hiyo hiyo, imeongezwa by,
na baada ya by, nukta, nukta, nukta, hadi pambizoni,
na pambizoni kuna barua imekunjwa mara nne.

Kurasa mbili, muhuri, Kiingereza cha kampuni.
Nimeisoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, nikiwinda kosa.
Jengo litaondolewa: will ipo, be ipo, removed imevaa.
Tathmini itafanywa. Wahusika watajulishwa.
Fidia italipwa kwa kadiri itakavyoonekana inafaa.
Sikupata kosa hata la koma.
Nikarudi mwanzo kutafuta by.
Kurasa mbili. Nimeitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama mtu anayechambua mchele wa mgeni.
Haimo.

Miaka ishirini na mbili nafundisha kauli hii
na kuwapa alama kumi wanaojua kumficha mtu.

Nikaandika 4/5. Nikakata. Wino mwekundu haufutiki,
kwa hiyo pana fujo hapo, utaniwia radhi.
Chini yake, kwa Kiswahili, nikaandika:

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitakusubiri
kwenye ngazi za ofisi ya ardhi. Mimi, Semboja.
Lete barua hii na ile ya mwanzo, kama hukufungia vitumbua.
Tutawauliza sentensi yako ya tano.
Njoo na kalamu, yangu imebaki kidogo.