Mia Tano Ishirini na Tisa

Jikoni kwetu Kutaisi, saa tano usiku,
friji nimeichomoa isinung'unike,
chungu cha maharage nimekisogeza kando,
na mezani, palipokuwa na mkate wa mahindi,
nimeweka kisanduku cha sauti,
cha mtumba, nilichouziwa na Zauri mpiga ngoma wa harusi
aliyeapa kwa macho yake mawili kwamba hakina kasoro.

Sisi ni ndugu watatu, wimbo mmoja.
Otia yuko Saloniki, anabandika vigae;
hukwea na sauti ya juu.
Jumberi yuko Gdansk, kwenye bohari ya samaki;
hushika ya kati.
Mimi nimebaki na besi,
na nyumba, na paa linalovuja.
Hunitumia sauti zao
nami huimba chini yao, wa mwisho,
kama anayebeba kabati akiwa upande wa chini wa ngazi.

"Umechelewa," huandika Otia.
Neno hilo nalijua tangu nikivaa kaptula.
Marehemu baba aligonga meza hii hii kwa pete:
"Malkhazi! Wimbo hausubiri mtu!"
Nikalizoea, kama mguu unavyozoea kiatu kinachobana.

Hadi nilipobadilisha programu.
Katika ile ya bure, nimechelewa mno.
Katika ile niliyolipia, kidogo.
Katika ya tatu, aliyonipa mpwa wangu bila kusema kaitoa wapi,
nimewahi!
Nimewatangulia kaka zangu mlangoni.
Koo moja, besi moja, usiku mmoja.
Mtu hawezi kuwa watu watatu.

Nikapunguza bafa hadi sitini na nne:
sauti ikapasuka kama bisi kikaangoni.
Nikaiongeza hadi elfu moja ishirini na nne:
nikaimba "a", na "a" yangu ikanirudia masikioni
kama mtu anayenifuata ngazini
akiburuta mguu.

Basi nikatafuta waya mfupi.
Ncha moja kwenye tundu la kutokea,
ya pili kwenye tundu la kuingilia;
kisanduku kikajisikiliza chenyewe.
Nikatuma mlio mmoja: ta.
Ukatoka, ukapita shibiri moja ya waya, ukarudi.
Programu ya bure ikadai safari hiyo ni milisekunde saba.
Nikalivuta wimbi mpaka likajaa kioo,
nikahesabu kwa ncha ya kisu cha jibini:
kumi na tisa.
Kumi na mbili zilifichwa.
Sampuli mia tano ishirini na tisa
za aibu isiyo yangu.

Niliwasha sigara, nikaizima.
Miaka mitatu nimeinamisha kichwa
kwa deni la waya.

Nikaandika juu ya plasta ya kidonda,
nikaibandika mgongoni mwa kisanduku:
ya bure, mia tano ishirini na tisa, vuta mbele;
ya kulipia, arobaini na nne;
ya mpwa, mia saba na nne, rudisha nyuma.
Zauri, macho yako mawili yako wapi sasa?

Nikaimba tena, katika zote tatu.
Na zote tatu, kwa mara ya kwanza, zikakubaliana:
Malkhazi amechelewa.

Milisekunde nane.
Ukope haujaanza hata kushuka.
Lakini hizi hakuna kisanduku cha kuzibeba.
Hizi ndizo alizokuwa baba akizigongea meza:
pumzi ninayovuta kabla ya besi,
nikisikiliza kwanza kama wao wapo.

Kuna kitufe cha kuzifuta. Kidole kilikifikia.
Plasta ilikuwa na nafasi ya mstari wa nne.
Nikauacha mtupu.

Nikawatumia. Jumberi alijibu kwa picha ya theluji.
Otia alikaa siku nne,
akaimba upya juu ya besi yangu,
kisha akaandika:
"Mbona leo umewahi?"

Nilicheka peke yangu, friji ikinguruma.
Nikamwuliza: unatumia programu gani huko?
Halafu, kabla hajajibu:
una waya mfupi?