Jengo Lisilo na Tanuri

Usiku wa kwanza wa zamu, Zenon Kurpiewski
alishuka hadi chini kabisa kutafuta moto.
Miaka thelathini na moja aliilisha boila ya bandari ya Gdynia,
sepetu kwa sepetu, makaa ya mawe kutoka Silesia,
hata viganja vyake vikawa na mistari
ambayo sabuni haikuwahi kuifikia.
Sasa boila imeuzwa kwa kilo,
naye amepewa koti la mlinzi, tochi, na kitabu cha kuandika
nani kaingia, nani katoka.

Huko chini hakukuta mlango wa chuma.
Alikuta mabomba mawili manene kama mapaja,
moja likienda baharini, jingine likirudi,
na sanduku la kijivu likikoroma taratibu
kama mtu asiyedaiwa.

Penye moshi hapakosi moto; hilo analijua.
Lakini penye joto bila moshi, pana nini?

Kwa nje, jengo lenyewe ni kichaa.
Limeinamia kusini kama abiria anayesoma gazeti la jirani,
paa lote mteremko mmoja, limevikwa paneli nyeusi
hadi kwenye ukingo wa gati,
na katikati limetobolewa tundu la duara
ili Januari, jua likiwa fupi tena bahili,
lipenye mpaka ua wa ndani,
liguse ukuta wa zege, na zege liweke akiba.
Makuli wa gati la tatu wanaliita Jibini.

Msanifu wake, Dobrawa Leszczuk, hakuwahi kuwajibu.
Alikuja Jumatatu na viatu vya matope,
kipimajoto mfukoni kama wengine wabebavyo rozari.
Zenon akamuuliza kabla ya salamu:
"Bahari leo ina nyuzi tatu. Tatu!
Unatoa wapi joto humo? Huko ni kumkamua fahali."
Akacheka. Akachuchumaa, akachora sakafuni kwa chaki:
maji yanatoa kidogo, kidogo sana,
gesi inakipokea, inabanwa, inapandwa na hasira,
na hasira yake ndiyo joto letu.
"Haba na haba, mzee wangu."
Zenon akaitazama ile chaki kwa muda.
"Kwa hiyo linaiba."
"Linakopa. Kiangazi tunarudisha."

Usiku ule nje kulikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Barafu ilizikamata nguzo za gati, zikalia.
Ndani, mlinzi akavua koti, kisha sweta,
akaona haya, kama mgeni aliyeshibishwa
na hajaulizwa hata habari za safari.
Mikono ilimwasha. Mikono haikuambiwa chochote.
Saa tisa akajikuta mbele ya sanduku la kijivu,
miguu imeachana, magoti yamelegea,
anangoja kinywa kifunguliwe.

Kesho yake alikuja na kipande cha makaa,
kikubwa kama yai la bata,
akakiweka juu ya kitabu cha wageni.
Dobrawa alikiona. Akakiinua, akakigeuza,
akakirudisha bila neno, akapanda ngazi,
na njiani, bila kujua, akaegemea kioo,
kioo kile cha tabaka tatu alichokipigania mwaka mzima.
Vidole vinne vyeusi, wazi kama sahihi.
Kitambaa Zenon anacho. Hajavifuta.

Saa kumi na mbili asubuhi zamu inakwisha.
Anapanda basi hadi Chylonia, kwenye nyumba ya matofali
ambako hakuna bomba liendalo baharini
wala mhandisi aliyewahi kubisha hodi.
Anashuka ghalani, anajaza ndoo mbili,
anapanda ghorofa nne, anapumzika kwenye ya tatu.
Bronisława bado amelala na kofia ya sufu.
Zenon anapiga magoti, anapuliza.

"Kule kukoje?" sauti inatoka chini ya blanketi.

Anatafuta neno. Kiberiti kinamuunguza kidole.
"Kuna joto," anasema. "Ila sijui nilitazame wapi."