Ghorofa Isiyokuwapo

Karatasi ililetwa na kijana wa pikipiki,
akanisainisha juu ya tangi la mafuta, bado la moto.
Isevya, Kitalu D, kiwanja namba mia moja na kumi na mbili.
Aina ya jengo: ghorofa moja.
Nikageuka kuitazama nyumba yangu,
labda usiku imeota kitu bila kuniambia.

Bati lilelile. Ufa uleule chini ya dirisha.
Na ubavuni, ngazi ya zege ya Ndalahwa,
vidato kumi na vitatu, kipande cha sakafu juu ya stoo,
kisha mbingu.

Reli ilipomlipa kiinua mgongo
alinunua saruji kabla ya suruali.
"Sebule itakaa juu," alisema, "tuone treni ikiingia.
Tuanze na ngazi. Mtu haachi ngazi ikae bure."
Imekaa miaka kumi na tisa.
Mimi huanika michembe huko, mbuzi wasikofika.

Nilikwenda ofisini mara nne.
Mara ya kwanza mfumo ulikuwa chini.
Mara ya pili mwenye faili alikuwa Nzega, msibani.
Mara ya tatu: mama, lipa kwanza, lalamika baadaye.
Mara ya nne niliona haya kulia kwenye foleni,
nikaingia mlango wa jirani, penye kibao cha wakili.

Nyanzala Mihayo, umri wa kitinda mimba wangu,
meza moja, feni moja, muhuri anaoufungia drooni kama dhahabu.
Akataja bei. Nikanyamaza.
Akapunguza. Nikanyamaza tena.
Tukaishia laki moja na nusu: nusu sasa,
nusu siku ya uamuzi, tushinde tusishinde,
na chupa mbili za asali ya Sikonge
ambazo mkataba hauzijui.

Binti yangu akapiga simu toka Kahama:
"Mama, kodi yenyewe haifiki hela ya wakili!"
Kwa mwaka mmoja, haifiki.
Lakini uongo ukishaulipia mara moja
unakuwa mpangaji. Hauhami.

Nyanzala alikuja na futikamba,
akavua viatu vya kisigino, akapanda,
akasimama katikati ya michembe yangu.
"Njia fupi ni kuibomoa. Picha moja, kesi imekwisha."
Nilikuwa nasonga ugali; mwiko ukagoma kuzunguka.
Alishuka taratibu, akakaa kwenye kigoda,
akaandika, akafuta, akaandika tena.
"Basi tutaiacha. Ila itabidi useme kwa kinywa chako
kwamba juu hakuna kitu."

Mbele ya watu watatu na jagi la maji
mwenyekiti aliuliza:
"Mama Kalunde, ngazi hii inakwenda wapi?"
Tulikuwa tumelifanyia mazoezi siku mbili.
Haiendi popote, mheshimiwa.
Jibu lilitoka jepesi kuliko nilivyoliogopa,
kisha likanirudia kooni, zito,
maana nilikuwa nimemkana mtu
chini ya kiapo.

Wiki sita baadaye, kurasa mbili:
Ghorofa haipo. Makadirio yarekebishwe.
Nyanzala akagonga muhuri nakala yangu, akahesabu nusu yake,
akauliza kama asali ni ya nyuki wakubwa au wadogo.
Wadogo, nikamwambia. Ile ya dawa.

Jioni nilipanda na ungo.
Kidato cha saba kina alama ya kiatu chake;
hakusubiri saruji ikauke, hakuwahi kusubiri chochote.
Nikageuza michembe, mmoja mmoja.
Serikali sasa inajua kwamba hapa hakuna kitu.
Upande wa stesheni treni ikapiga honi.
Nikakaa kidogo sebuleni.