Kilo Themanini na Saba

Jumamosi, saa mbili kasoro, Keko Machungwa.
Nimetandika gunia uani, kati ya karo na mlango wa choo,
juu yake nimepanga matumbo ya Honda:
kabureta, plagi, koili,
mnyororo umelala kwenye beseni la mafuta ya taa
kama kambare aliyechoka kugombana.
Kila nati iko kwenye trei ya mayai,
shimo kwa shimo, na kikaratasi chenye namba,
maana mimi ni karani, na karani haamini kichwa chake.

Niliinunua mnadani, mwaka tuliolipwa malimbikizo.
Wenzangu walinunua friji.
Ubavuni bado inasomeka, kwa rangi nyeupe ya brashi:
IDARA YA AFYA. MBU.
Bwana Afya fulani aliipanda, akinyunyiza dawa madimbwini.
Sikumjua, ila naujua mguu wake:
pedali ya gia imelika upande mmoja tu,
kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekwenda chopi.

"Mama Tunu," anasema Mwinshehe dirishani,
"hilo pikipiki litazaa lini?"
Simjibu. Jeti ya kabureta iko mdomoni, naipuliza.
Haipitishi. Nachomoa unyuzi mmoja wa brashi ya waya,
napenyeza, nazungusha, polepole,
mpaka nione mwanga upande wa pili,
mdogo kuliko tundu la sindano,
na ndani ya tundu hilo, Mama Nunu anaanika kanga.

Kila Jumamosi hupita Mwaluko na mkokoteni.
"Vyuma chakavuuu! Betri mbovu! Masufuria!"
Husimama getini, huitazama Honda
kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi wa jirani.
"Kilo themanini na saba hizo, mama. Mia saba kwa kilo."
Nami kichwani napiga hesabu, siwezi kujizuia:
elfu sitini na mia tisa.
Namwambia, njoo wiki ijayo.

Wiki ijayo, wiki ijayo. Miezi tisa.
Gerezani nimekwenda hadi wauza spea wananiita shangazi.
Mkono wa kiki wa modeli hii? Wanacheka, wananipa wa Mchina.
Unaingia, unashika,
halafu unateleza kwenye meno na kunichapa muundi.
Nina kovu. Nalionyesha kama cheti.

Leo Mwaluko hakupiga kelele.
Kaegesha mkokoteni, kafukua chini ya mabati na fremu za vitanda,
katoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kiroba:
mkono wa kiki, umepauka, meno yote kamili.
"Nimeuona Tandika, kwenye lundo. Nikasema, huu mwenyewe namjua."
Nikauliza bei. Akaupima kiganjani.
"Robo tatu ya kilo."
Mia tano ishirini na tano, nikasema.
Ile ishirini na tano haina sarafu siku hizi, tukaisamehe.
Nikampa noti ya elfu kumi aibaki nayo;
akanihesabia chenji yote, mpaka ya mwisho.
"Ila niisikie inavyolia."

Nikakaza kwa spana namba kumi. Nikafungua petroli.
Kiki ya kwanza, kikohozi. Ya pili, kimya.
Ya tano, Mwinshehe katoka nje, mswaki mdomoni.
Ya saba ikashika.
Si mlio wa bodaboda, ule wa kukimbiza nauli.
Huu ni wa chini, wa mtu anayetwanga
huku akijua wageni hawaji leo.
Moshi wa buluu ukapanda hadi kwenye kanga za Mama Nunu,
naye akanitaja kwa jina la marehemu baba yangu.
Mwaluko kaweka kiganja juu ya tangi
kama anayepima homa.
Miaka yote hiyo vyuma humfikia vikiwa vimeshanyamaza.

Dakika nne. Kisha ikazima yenyewe.
Oili ikaanza kudondoka ndani ya kopo la maziwa,
tone, nafasi, tone.

"Gasketi," nikasema.
"Gasketi," akasema Mwaluko, akainua mikono ya mkokoteni.
"Wiki ijayo?"