Maoni ya Mteja

Umekuja na fomu, Prosper, na kalamu mpya,
na shati jeupe ambalo vumbi la Ndosho bado halijalitambua.
Unauliza: modeli ijayo, tuboreshe nini?
Umechora vijumba vitano,
kuanzia "siridhiki" hadi "naridhika sana."
Kaa kwanza. Siyo kwenye kiti, kina jua.
Hapo, juu ya jiwe.

Andika stendi.
Mliikata mkifikiria lami,
na lami yetu ni fupi kama sala ya mwenye njaa.
Ikiisha ni makoro, mawe yaliyowahi kuwa uji wa moto,
na stendi yenu ina unyayo wa mbuzi.
Mimi natembea na kipande cha ubao mfukoni,
nimekiokota kwenye chukudu iliyovunjika.
Naegesha, nakitandika chini.
Mjukuu wa chuma anaazima kiatu kwa babu wa mti.

Chujio la hewa: linasongwa na vumbi jeusi.
Kila asubuhi nalipuliza kwa mdomo,
kisha nakohoa hadi adhuhuri.
Kati yetu wawili sijui nani chujio.

Mshale wa mafuta: mwongo.
Andika hivyohivyo, usilainishe.

Kiti mmekipimia watu wawili wa kwenu.
Huku anapanda mama, na mgongoni mtoto,
na pajani gunia la makala,
na kuku ambaye hajaambiwa anakokwenda.
Sheria inasema abiria mmoja.
Najua. Hilo usiandike.

Sisi chombo hiki tunakiita moto.
Ninyi mnadhani ni Kifaransa.
Muulize Masika, mke wangu, akuonyeshe shavu la mguu wa kulia:
kovu, mviringo, sawa na kifuniko cha soda.
Siku nilipomchukua kwao, ekzosi ilimgusa pale Mabanga,
akanyamaza hadi tukafika.
Nikasema moyoni: tazama, ana aibu ya bibi arusi.
Kumbe ni ninyi.

Taa sasa.
Taa inakula kwenye injini.
Nikipunguza mwendo nayo inapunguza kuona,
wakati mtu mwenye akili hupunguza mwendo ili aone.
Na kiki, ziandike pamoja, ni habari moja:
jirani yangu Kanyere alishikwa na uchungu saa nane ya usiku.
Nikapiga kiki. Kikohozi.
Nikapiga. Kimya.
Shangazi yake alikuwa anahesabu kwa sauti, kama anayenidai.
Ya tisa ikashika.
Tulifika njia panda ya Katindo, mtoto akakataa kwenda mbele.
Basi nilisimama pale, gia huru,
nikapiga resi bila kwenda popote,
mkono umekaza, mafuta yanaungua bure,
ili taa yenu iwe na macho ya kutosha
kwa shangazi kuona anachokishika.
Kila nilipolegeza mkono, giza.
Sikulegeza.

Kalamu imesimama, Prosper. Hakuna kijumba cha hiyo?
Geuza karatasi, nyuma ni peupe.

Rangi? Hilo ndilo swali la tisa?
Wekeni mtakayo, nyekundu, buluu.
Wiki ya pili zote ni za Goma.

Bei msiiguse. Hii nilimaliza kuilipa mwezi wa sita,
ni yangu mpaka skrubu inayolia,
na mwenye chake ndiye anayejua kinapouma.
Sisemi ni mbaya. Andika hilo pia.
Ingekuwa mbaya nisingejisumbua kuisema,
mtu hamkosoi farasi wa jirani.

Yule mtoto? Yupo, ana miaka minne,
walimwita Kiki, jina la kanisani wameshalisahau.
Ndiye huyo anayekuja na ndala za mama yake.
Kiki, njoo umsalimie mgeni.
Pitia huku. Huku!
Usiguse hapo, wewe, hapo pana—

Haya, nyamaza. Nyamaza, baba. Masika, leta maji.
Prosper, rudi mstari wa ekzosi.
Kalamu yako inakoza?
Basi kandamiza.