Kikombe cha Saa Kumi na Mbili

Kikombe cha bati, cha kijani,
mdomo umebanduka rangi upande mmoja.
Ni mimi niliyekuwa nakigonga kwa kijiko, ting, ting,
tone la mwisho lisibaki,
maana dawa ile huandikiwa kwenye daftari jekundu
na chupa yake huhesabiwa kama pesa ya msiba.

Nkuhungu, jioni, upepo unapekua mabati.
Mama yangu Sechelela amelala ubavu wa kushoto.
Kwenye mfupa wa nyonga kimeota kitu
ambacho daktari alikitaja mara moja tu,
kisha akatazama dirishani.

Mwezi wa kwanza, mililita tano zilitosha.
Alilala, akaamka, akauliza bei ya karanga.
Mwezi wa tatu, kumi.
Wa tano, ishirini.
Nikadhani ni maumivu yanayokua.
Kumbe kulikuwa na mwanafunzi mle ndani.

Nilimgundua siku moja: ting, ting,
dawa ingali kwenye kijiko,
mama keshakunja uso, keshashika nyonga.
"Wameanza," akasema.

Nesi Damari huja Alhamisi kwa baiskeli,
matairi yamejaa mbigili.
Akaniambia huku akiziba pancha:
Kichwani mna sungusungu.
Seli ndogo mno, hazilali,
kazi yao kufukuza vijidudu na kuzoa taka za majeraha.
Dawa hii ikija mara ya kwanza, wanaduwaa.
Mara ya kumi, wanaijua njia yake.
Mara ya hamsini hawangoji kuiona.
Wakisikia kikombe tu, filimbi!
Wanamwaga kemikali zao, wanawasha moto mishipani,
mgeni akifika na utulivu wake
anakuta mtaa mzima uko macho.
"Wabaya?" nikauliza.
"Hapana. Hawajaambiwa tu nani ndugu."

Mama akacheka hadi akakohoa.
"Kama mbuzi zangu za Hombolo.
Nikitikisa kopo la chumvi, hao, mbio,
hata kopo likiwa tupu."

Agosti tulimpeleka Mvumi, kumzika mdogo wake.
Kikombe nilikisahau dirishani.
Nikampimia kwenye glasi ya watu,
katika chumba cha watu kinachonuka alizeti,
kipimo kilekile, sikuzidisha hata nywele.

Sungusungu hawakusikia kitu.
Lango lilikuwa wazi.

Nilihesabu pumzi: nane kwa dakika.
Saba.
Kisha kimya kirefu, halafu moja.
Mtandao ulipatikana juu ya jiwe tu, nyuma ya zizi;
Damari akapiga kelele sikioni mwangu, nami nikazipokeza chini kwa binamu:
Mkalishe! Mwite jina! Mfinye!
Usimwache azame!
Tulimwita majina yote, la ubatizo, la utotoni,
hata lile la utani ambalo baba peke yake aliruhusiwa.
Gari la zahanati lilifika na sindano,
na alfajiri akafumbua jicho moja:
"Kikombe changu kiko wapi?"

Alifariki Novemba, mvua ikiwa bado ahadi.
Chupa nikairudisha hospitali, nikatia sahihi.
Kikombe hawakukiuliza.

Sasa, saa kumi na mbili,
mke wa jirani hukoroga chai upande wa pili wa ukuta.
Ting, ting.
Nami, ambaye sijawahi kuilamba dawa ile,
nyonga inanikaza,
nasimama, mkono unatafuta chupa rafuni.

Wameanza.

Sijui niwaambie nini.
Zamu yao hainipitii mimi kwanza,
wala hakuna aliyewapa habari
kwamba mwenye nyumba keshahama.