Somo la Wakelti

"Hawakulazimishwa," naandika ubaoni, kisha nafuta.
Naandika: "Walishindwa."
Halafu? Halafu mtoto wa chifu akapelekwa shule,
akarudi na joho jeupe na jina refu.
Babake akamwita kwa lile la zamani,
akaitikia lile jipya.

Hakuna aliyechapwa siku hiyo.
Palikuwa na hamamu, mvinyo, kodi,
na karani sokoni aandikaye Kilatini tu.
Ukitaka kuuza ng'ombe wako, utakijua.
Warumi nao waliicheka suruali ya Wakelti,
baadaye wakaivaa.
Hilo siliandiki. Halimo kwenye mtihani.

Naegemea meza. Neno la Mreno;
tulilimeza zamani, halituwashi koo.

Swabra, dawati la nyuma, ananyoosha mkono:
"Mwalimu, nani alikuwa wa mwisho
kuota kwa lugha ya kwao?"
Kengele inaniokoa.

Jioni, Kuze. Nyanya anapeta mtele kwenye uteo.
Mimi nasema mchele,
ananitazama kama mtu aliyekosea mlango.
Anamwona Twalib, mwanangu, barazani.
"Ndoo!" anamwita. "Ndoo hapa tini."

Twalib anaingia ndani mbio,
anatoka na ndoo ya plastiki, tupu,
anaiweka chini, miguuni pake.

Tunacheka. Nyanya anacheka wa mwisho,
na wa kwanza kunyamaza.
Anaisogeza ndoo kando,
anapangusa pumba viganjani,
kisha, taratibu, kwa Kiswahili cha redio,
anamwambia kitukuu chake:
"Njoo."